Chapati za Kusukuma za Mombo

Mombo ni mji wa kupita. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inaukata katikati, na hapo hapo ndipo njia ya Lushoto inapochepuka kuanza kupanda milima ya Usambara. Abiria wakishuka, wameshuka kwa dakika chache: wanyooshe miguu, wachimbe dawa, wapate cha kutia mdomoni, kisha warudi garini kabla kondakta hajaanza kugonga bodi kwa kiganja. Wauza mahindi ya kuchoma na karanga wanaijua haraka hiyo na wanaishi nayo vizuri. Upo lakini mgahawa mmoja wa familia, pembeni kidogo ya lami, ambao chakula chake kikuu hakikubali kuharakishwa. Kila nipitapo huomba kiti karibu na jiko, nimtazame mama mwenye mgahawa akisukuma chapati.

Ukiingia, jambo la kwanza utakaloliona ni viti. Ni viti vya basi, vya wawili wawili, vimefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Baba wa nyumba hii alikuwa dereva, na basi lake lilipokwisha kazi likauzwa chuma chakavu, yeye alichukua viti, mlango na keria ya ndani ya kuwekea mizigo. Mlango umesimama ukutani na bei za vyakula zimeandikwa juu yake kwa rangi. Keria imetundikwa juu ya vichwa vya wateja, na mizigo hupanda humo. Namba za viti hazikufutwa, kwa hiyo oda huitwa kwa namba: "Kumi na nne, mbili na maharage!" Baba anashika chai na fedha, kijana wao anasimamia maharage na nyama, binti anapeleka sahani. Mama hatoki kwenye kibao chake.

Kazi yake huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Hupima unga wa ngano kwa bakuli moja la bati, akauchekecha ndani ya beseni pana, akatia chumvi na sukari kidogo. Maji ni ya uvuguvugu, na hayo hayapimi. Mkono wa kushoto unamimina, wa kulia unachanganya, na huo wa kulia ndio unaoamua lini ule wa kushoto usimame. Unga wa mfuko mpya na unga uliokaa havinywi maji sawa. Siku ya mvua, unga wenyewe huwa umekwisha kuvuta unyevu wa hewani. Mkono wake unayajua haya yote bila kuyataja. Mafuta ya alizeti hufuata baada ya unga kushikana, kidogo kidogo, mpaka beseni libaki safi na donge liache kung'ang'ania vidole.

Kisha anakanda. Husukuma donge kwa kitako cha kiganja, akalikunja kuelekea kwake, akaligeuza robo, akasukuma tena. Mabega yake hayapandi. Nguvu inatoka kiunoni na kushuka kwenye mikono iliyonyooka, ndiyo maana anaweza kukanda kilo nyingi bila kuhema. Mwanzoni donge lina mabonde na mipasuko. Baada ya muda ngozi yake inalainika na kuanza kung'aa. Kwa kukandwa hivyo, protini za ngano huungana zikawa nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo zitakazoiwezesha chapati kutandazwa nyembamba bila kutoboka. Mama hulibonyeza kwa kidole. Shimo likirudi juu taratibu, basi inatosha. Analipaka mafuta, analifunika kwa kitambaa kibichi, anaondoka.

Kuondoka huko nako ni kazi. Unga uliotoka kukandwa umekaza. Ukiusukuma saa hiyo, hujivuta na kurudi ulikotoka, nawe ukibishana nao utapata chapati ngumu. Lazima uachwe nyuzi zilegee. Basi mama anakata vitunguu, anachambua maharage, anawasha mkaa, na halitazami lile beseni mpaka wakati wake.

Anaporudi, hukata madonge. Hana mizani, hata hivyo madonge yake yakipangwa kwenye sinia huoni lililozidi. Kilo moja ya unga humpa kati ya 10 na 12. Anachukua la kwanza, analisukuma kwa kifimbo likawa duara pana, analipaka mafuta ya alizeti yaliyochanganywa na samli mpaka ukingoni kabisa, ananyunyiza unga mkavu kwa ncha za vidole. Halafu anaanza kulikunja kutoka ukingo wa karibu yake, mkunjo mwembamba juu ya mkunjo, hadi duara lote limekuwa kamba. Kamba anaivuta kidogo kwa mikono miwili, anaizungusha ikajikusanya mithili ya konokono, mkia anauchomeka chini. Tabaka zote za chapati zimeshapatikana hapo, kabla moto haujaguswa. Mahali mafuta yalipopita, unga hautashikana tena na unga. Mahali aliposahau kupaka, patakuwa na bonge. Sijawahi kumwona akisahau.

Na baada ya hapo, madonge yote yanafunikwa na kupumzishwa mara ya pili. Hiki ndicho kipindi ninachokiheshimu kuliko vyote. Mabasi ya kutoka Moshi na Arusha hufika kwanza, yale ya Dar es Salaam huja karibu na adhuhuri, na pande zote mbili honi haziishi. Mwenye haraka angeruka hatua hii. Chapati ingeiva vile vile, ingeuzwa vile vile, na abiria mwenye njaa asingerudi kutoka Same kuja kulalamika. Mama anaihesabu saa kurudi nyuma kutoka kwenye basi la kwanza, akaamka mapema kiasi hicho, ili unga usinyimwe mapumziko yake kwa sababu ya ratiba ya watu wengine.

Kusukuma kwa pili ni kwa upole. Anaanzia katikati kwenda nje, na kwa kila mpito anaegemeza mkono mmoja zaidi kidogo, kiasi kwamba chapati inajizungusha yenyewe chini ya kifimbo. Haishiki wala haiinui. Ikikamilika ni mviringo, na unene wa katikati ni ule ule wa pembeni.

Kwenye jiko, makaa yamesogezwa pembeni ili katikati ya kikaango kizito cha chuma pasiungue. Anatupa chembe ya unga kupima: ikigeuka kahawia polepole, moto umekubali. Chapati inalazwa kavu. Rangi yake nyeupe inafifia, vipovu vidogo vinainuka, anaigeuza. Sasa ndipo inapata kijiko cha mafuta, inageuzwa tena, na kwa mgongo wa kijiko anakandamiza kingo huku akiizungusha. Mvuke uliofungwa ndani unatafuta njia kati ya tabaka na kuziachanisha, chapati inafura kisha inatulia na madoa ya kahawia. Ikitoka motoni anaipiga kwa viganja viwili kutoka pembeni, mara mbili au tatu, ili tabaka zifunguke, akaitia kwenye hotipoti lenye kitambaa ndani. Humo jasho lake linailainisha.

Chakula hiki kilitufikia na watu wa Bara Hindi, na kwa nyumba nyingi za bara kilikaa muda mrefu kuwa chakula cha Idi na Krismasi, siku ambazo watoto walizunguka jiko tangu asubuhi. Kwa mama huyu ni cha kila siku, lakini mikono yake bado inakifanya kwa adabu ya sikukuu. Kwenye kiti namba 14 ninaichana kwa vidole, inafunguka karatasi baada ya karatasi, nami naichovya kwenye maharage ya nazi. Ukingo unavunjika kidogo, kati ni laini. Sijui chapati nyingine ya njiani inayonipa vyote viwili.

Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, kuna beseni la pili la jioni, na hilo ndilo binti analojifunzia. Mama huchana chapati ya kwanza ya binti, akaisogeza kwenye mwanga, akazitazama tabaka.

"Hii hukuisubiri, mwanangu."

"Ilikuwa imelala, mama."

"Ilikuwa imejilaza. Ifunike tena."

Na binti hufunika tena, hata basi likiwa limeshakata kona ya Lushoto kuingia stendi. Katika safari yangu ya karibuni nilikuta mama ameacha kuzichana. Chapati za binti zilikuwa kwenye hotipoti moja na zake, na baba akizitoa kwa wateja bila kuchagua.