Redio ya Transista Inavyogeuzwa Kucheza Intaneti

Redio ya transista ya miaka ya 1960 au 1970 ni vyombo viwili ndani ya sanduku moja. Cha kwanza hushika mawimbi: antena, kondensa inayozungushwa kutafuta stesheni, hatua za kukuza masafa ya kilohezi 455, na mwishowe dayodi inayotenga sauti na wimbi lililoibeba. Cha pili huipokea sauti hiyo, huipitisha kwenye volyumu, huikuza na kuisukuma hadi kwenye spika. Hiki cha pili hakiulizi sauti imetoka wapi, na ndiyo maana redio kuukuu huweza kucheza muziki wa intaneti bila kubomolewa.

Mara nyingi redio yenyewe ni nzima. Kilichopungua ni matangazo ya kushika. Nchini Ujerumani, Deutschlandfunk ilizima mitambo yake ya masafa ya kati mwishoni mwa 2015, na Ufaransa, France Inter ikaacha masafa marefu mwishoni mwa 2016. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza 1963, leo husikika pia kwa simu na kompyuta.

Kazi ya kushika stesheni hupewa bodi ndogo yenye Wi-Fi. Zinazotumika zaidi ni mbili: Raspberry Pi, ambayo ni kompyuta kamili, na ESP32, chipu ya bei nafuu inayoendesha programu moja tu. Kwa redio ya kusikilizia stesheni, ESP32 inafaa zaidi, na sababu yake ni swichi. Redio ya zamani huzimwa kwa mlio mmoja wa kitufe, umeme ukakatika papo hapo. Raspberry Pi huandika mafaili kwenye kadi yake muda wote, na ikikatiwa umeme ghafla kadi inaweza kuharibika. Isitoshe, huchukua muda mrefu kuamka. ESP32 huamka kwa sekunde chache na haina kadi ya kuharibu. Raspberry Pi ibaki kwa anayetaka pia kucheza nyimbo zake mwenyewe zilizohifadhiwa kwenye diski.

ESP32 huunganishwa na bodi nyingine ndogo yenye chipu ya PCM5102A, inayogeuza tarakimu kuwa sauti. Sauti hiyo hufika kwa nguvu ya volti 2.1, wakati volyumu ya redio imezoea sehemu ndogo tu ya volti moja kutoka kwenye dayodi. Ikiingizwa hivyo hivyo, spika itakoroma volyumu ikipandishwa kidogo tu. Kwa hiyo chaneli ya kushoto na ya kulia hupitishwa kila moja kwenye rezista ya kilo-omu 47, zikakutana mahali pamoja, na kutoka hapo rezista ya kilo-omu 2.2 ikashushwa kwenye ethi. Rezista hizo tatu hufanya kazi mbili kwa mpigo: zinachanganya chaneli mbili ziwe moja, kwa kuwa spika ni moja, na kuishusha sauti chini ya volti 0.2. Kisha kapasita ya maikrofaradi 1 huipeleka kwenye volyumu, baada ya waya wa dayodi kufunguliwa.

Hapa kuna mtego. Redio nyingi za miaka ya 1960 zilitumia transista za gemaniamu za aina ya PNP, na ethi yake imeungwa upande chanya wa betri. Bodi za kisasa zina ethi upande hasi. Redio na bodi zikilishwa umeme kutoka chanzo kimoja, kuunganisha ethi mbili hizo ni kuipiga shoti betri. Dawa rahisi ni kuipa bodi betri yake ya lithiamu, isiyogusana na ile ya redio. Utengano huo pia hupunguza ule mlio wa vipande vipande ambao Wi-Fi huupenyeza kwenye amplifaya. Redio za vali ni habari nyingine: ndani yake mna volti 200 na zaidi, na baadhi yake hata chasisi ina umeme wa ukutani. Si mahali pa kujifunzia.

Kazi ngumu kuliko zote ni kitufe cha kutafutia stesheni, na ndicho kinachotofautisha redio iliyogeuzwa na spika iliyofichwa kwenye sanduku kuukuu. Kondensa hutolewa, na mahali pake hufungwa potenshometa inayovutwa na kamba ile ile ya mshale. ESP32 husoma volti yake kama namba kati ya 0 na 4095. Kondensa huzunguka nusu duara, potenshometa huzunguka zaidi ya hapo, kwa hiyo programu hufundishwa namba za ncha mbili za mshale na kugawa nafasi iliyo katikati. Pini zinazofaa ni za 32 hadi 39. Nyingine zinazosoma volti hukwama Wi-Fi inapofanya kazi. Usomaji nao hutetemeka, hivyo mpaka wa kutoka kwenye stesheni huwekwa mbali kidogo kuliko wa kuingia, la sivyo muziki utakatika na kurudi mshale ukiwa umetulia.

Kati ya stesheni na stesheni huwekwa mvumo wa redio uliorekodiwa. Unaonekana kama pambo, lakini una kazi: stesheni ya intaneti huchukua sekunde kadhaa kuanza, na mvumo huo huziba kimya ambacho kingemfanya msikilizaji adhani redio imekufa. Swichi ya masafa ya kati na mafupi nayo hubakizwa, ikichagua orodha mbili tofauti za stesheni.

Gharama inayobaki ni bando. Stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Redio inayowashwa saa 6 kila siku humaliza zaidi ya gigabaiti 10 kwa mwezi. Stesheni inayotoa pia kilobiti 64 hupunguza matumizi hayo kwa nusu, na kwenye spika moja ya sentimita 10 tofauti ya sauti ni vigumu kuisikia.