Silabi "Tupu" za Duwopu

Tunapohakiki nyimbo darasani tumezoea kuanza na maneno: dhamira, ujumbe, taswira. Nyimbo za kuchekesha za duwopu, zilizovuma Marekani mwanzoni mwa enzi ya rokenroli, zinatunyima mwanzo huo. Katika "Rama Lama Ding Dong" ya kundi la Edsels, silabi zenyewe ndizo jina la msichana anayesifiwa. Wengi huishia hapo na kuziita upuuzi.

Hatukubaliani nao. Duwopu ilikuzwa na vijana wa mijini, wengi wao Weusi, walioimba kwenye kona za mitaa bila ala. Asiye na gitaa la besi huliimba kwa kinywa. Mwanafunzi wa fonolojia na asikilize: vipasuo b, p na d hudunda kama ngoma, nazali huacha mwangwi. Hizi si tanakali za sauti, kwani hazichori tendo. Zinashika nafasi ya ala. Mwaka 1961 kundi la Marcels la Pittsburgh liliuchukua "Blue Moon", wimbo wa mapenzi wa Rodgers na Hart wa mwaka 1934, likautangulizia besi ya namna hiyo, nao ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Besi ile inayacheka maneno ya upweke huku ikiyabeba.

Mwaka huohuo Barry Mann, katika "Who Put the Bomp", aliuliza kwa mzaha ni nani aliyezitunga silabi hizi. Swali lilikuwa zito kuliko mzaha wake. Rivingtons, waimbaji Weusi wa Los Angeles, walitoa "Papa-Oom-Mow-Mow" mwaka 1962 na "The Bird's the Word" mwaka 1963. Kabla mwaka huo haujaisha, Trashmen, vijana Wazungu wa Minnesota, waliziunganisha zote mbili wakapata "Surfin' Bird", na mpiga ngoma wao akaandikwa kuwa mtunzi. Wimbo ulifika nafasi ya 4. Zile za Rivingtons hazikuingia hata 40 bora. Ilibidi mawakili waingilie kati ndipo Rivingtons wakatambuliwa kuwa watunzi. Kama silabi zile zilikuwa tupu, kilichodaiwa ni nini?

Tukiri kwamba Trashmen wanasisimua. Lakini zisikilizeni rekodi hizo kwa kufuatana: kwa Rivingtons besi inajibizana na sauti za juu, kwa Trashmen mazungumzo hayo yamekatika, limebaki koo moja linalokoroma.