Nani Anamlipa Mchezaji wa Kulipwa? Tahakiki ya Istilahi Moja katika Habari za Gofu

Sisi tuliokulia Kamanyola tumejifunza mapema kwamba neno linaweza kusafiri mbali na kukiacha nyuma kile lililokuwa likikitaja. Jina la mji wetu, ulioko katika bonde la Ruzizi kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira, lilichukuliwa na utawala wa Mobutu kwa ukumbusho wa mapigano ya mwaka 1964. Likapewa kikosi cha jeshi, kisha uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa Kinshasa mwaka 1994. Mwaka 1997 uwanja huo ulibadilishwa jina ukaitwa Stade des Martyrs. Katika muda huo wote, waliolitamka jina hilo viwanjani na kambini hawakulazimika kujua lolote kuhusu watu wa Kamanyola na mashamba yao ya mpunga.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi nyingine iliyosafiri namna hiyo: “mchezaji wa kulipwa”. Huenda msomaji akashangaa kwamba tumechagua kuichunguza katika habari za gofu, mchezo usiojulikana sana kwetu, badala ya kandanda inayojulikana na kila mtu. Sababu ni kwamba katika kandanda istilahi hiyo inatembea bila kujikwaa. Ni katika gofu ambapo inaanguka, na inapoanguka humwangukia mtu.

Tuanze na umbo lake. Kitenzi “kulipwa” ni cha kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa humdai mtenda hata pale asipotajwa. Tukisema “mwalimu amelipwa”, msikilizaji ana haki ya kuuliza: amelipwa na nani? Aidha, kirai “wa kulipwa” hakielezi tukio lililopita; kinaeleza sifa ya kudumu, kama tunaposema “maji ya kunywa” au “nguo ya kuvaa”. Kwa hiyo, kwa sikio la Mswahili, mchezaji wa kulipwa ni mchezaji ambaye kulipwa ni hali yake, na nyuma yake yupo mlipaji. Kwa mchezaji wa kandanda mlipaji huyo anajulikana: ni klabu, kwa mkataba wenye mshahara na muda. Akiumia au akikaa benchi, kwa kawaida mshahara wake unaendelea.

Sasa tuutazame mchezo wa gofu. Mashindano makubwa ya kulipwa huchezwa kwa siku nne, mashimo 18 kila siku, jumla mashimo 72. Baada ya siku mbili hufanyika mchujo. Katika mashindano ya kawaida ya daraja la juu la Ulaya, wachezaji wapatao 65 wa kwanza, pamoja na waliofungana nao, ndio huendelea. Waliobaki hufungasha mifuko yao na kwenda nyumbani, na kwa kawaida hawapati hata senti ya zawadi. Nauli, malazi na ujira wa kedi anayembebea mfuko ni juu ya mchezaji mwenyewe, asipokuwa na mfadhili. Hana klabu inayomlipa mshahara. Anaweza kucheza vizuri kwa siku mbili, akakosa mchujo kwa mkwaju mmoja, na kumaliza juma akiwa na deni.

Hapa ndipo jambo la ajabu linapojitokeza. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika ya Mashariki walianza maisha yao ya gofu wakiwa kedi, wakibeba mifuko ya wanachama wa klabu na kujifunza mchezo kwa kutazama. Kedi hupata ujira wake mzunguko unapomalizika, mchezaji awe amepiga vizuri au vibaya. Kijana huyo akiacha kubeba mifuko na kujitangaza kuwa mchezaji wa kulipwa, anakuwa ameiacha kazi ambayo alilipwa kwa hakika na kuingia katika kazi ambayo malipo ni bahati na jasho. Istilahi yetu inasema kinyume kabisa cha kilichotokea.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mkenya Jacob Okello. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Miongoni mwa walioyashinda wamo Mhispania Seve Ballesteros mwaka 1978, Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, na Trevor Immelman wa Afrika Kusini mwaka 2000. Wote watatu wamo katika orodha ya mabingwa wa Masters ya Marekani. Tangu mwaka 1991 yalikuwa sehemu ya Challenge Tour, ngazi ya pili ya gofu ya Ulaya. Mwaka 1998 Okello alimaliza mashimo yote 72 akiwa sawa na Ricardo González wa Argentina. Wakarudi uwanjani kwa mchuano wa ziada, na González akashinda. Hadi kufikia mashindano ya mwaka 2025, hakuna Mkenya aliyewahi kulitwaa taji hilo, na hakuna aliyelikaribia kuliko Okello siku ile.

Namna ya kuisimulia habari hii inategemea neno tulilolianzia. Tukianza na “mchezaji wa kulipwa”, simulizi hujiandika yenyewe: huyu alilipwa ili ashinde, alikuwa nyumbani, akashindwa. Hivyo ndivyo taarifa za gofu katika Kiswahili zinavyoelekea kila mwaka mashindano hayo yanapofika. Siku ya kwanza huorodheshwa wenyeji na matumaini yao. Siku ya pili jioni huorodheshwa waliokosa mchujo. Siku ya nne hutajwa bingwa mgeni. Kitenzi kinachotawala ni “kushindwa”. Nadra sana taarifa ikamwambia msomaji kwamba mshindani wa mwenyeji huyo hucheza juma hadi juma katika nchi mbalimbali, kwa ratiba iliyopangwa, ilhali mwenyeji hupata mashindano ya kiwango hicho nyumbani mara moja kwa mwaka.

Ballesteros mwenyewe ni ushahidi mzuri. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Pedreña, akabeba mifuko ya watu, na akajifunzia mchezo pwani kwa fimbo moja. Kwa asili yake hakutofautiana sana na kedi wa Nairobi. Lakini alipoanza kucheza kwa zawadi, katikati ya miaka ya 1970, Ulaya tayari ilikuwa na msururu wa mashindano ambamo mtu aliyekosa mchujo juma hili aliweza kujaribu tena juma lijalo. Kipaji kinahitaji marudio, na marudio yanahitaji mashindano mengi yaliyo karibu. Mwishoni mwa miaka ya 2010 waandaaji nchini Kenya walianzisha msururu wa Safari Tour ili kuliziba pengo hilo. Mwaka 2019 Kenya Open ilipanda hadi daraja la juu la Ulaya, ikiwa na zawadi za jumla ya Yuro 1,100,000, na Mwitalia Guido Migliozzi akaibuka bingwa. Fedha ziliongezeka, lakini zilibaki za wale waliovuka mchujo.

Istilahi hii haisimami peke yake. Mwenzake ni “mchezaji wa ridhaa”. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kulazimishwa, na neno hilo lina heshima yake. Lakini tujiulize ni nani katika klabu za gofu zilizoachwa na ukoloni, kama ya Entebbe ya mwaka 1901 au ya Nairobi ya mwaka 1906, aliyekuwa na uwezo wa kucheza kwa ridhaa. Ni yule mwenye ada ya uanachama, mwenye vifaa na mwenye saa za mchana. Hivyo jozi hii ya istilahi inamwonyesha mwenye mali kama mtu asiyejali fedha, na kedi wa jana kama mtu anayeziandama. Hata Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa mchezaji wa kulipwa, ambaye baadaye alijitolea kuwafundisha wasichana mchezo huo, kwa kipimo cha istilahi yupo upande wa malipo, si upande wa moyo.

Kuna hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi yetu. Ya kwanza ni kwamba istilahi haina budi kuwa moja kwa michezo yote, na kwamba msomaji hatofautishi kila mofimu. Hoja hii ina nguvu. Hakuna anayeisikia “gofu” akadhani tunazungumzia gofu la nyumba la Kilwa, ingawa sauti ni ileile. Upatanisho wa kisarufi na muktadha humwongoza. Hata hivyo, katika mfano huo muktadha unasahihisha. Katika mfano wetu muktadha, yaani mazoea ya kandanda, ndio unaopotosha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba sheria ya gofu yenyewe hutofautisha wachezaji kwa fedha. Ni kweli. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi ya fedha isiyozidi dola 1,000 za Marekani au pauni 700 za Uingereza katika mashindano yasiyotumia handikapu. Akivuka hapo anapoteza hadhi hiyo. Lakini tuisome kanuni hiyo kwa makini. Inahusu ruhusa. Mchezaji wa kulipwa katika gofu ni mtu *anayeruhusiwa* kulipwa. Kiswahili kimeigeuza ruhusa kuwa hali, na umbali uliopo kati ya “anaweza kulipwa” na “analipwa” ndio uwanja mzima ambamo watu kama Okello wameyatumia maisha yao.

Je, tuseme nini badala yake? Mvuvi wa ndagala wa Uvira hununua mafuta ya taa, hutengeneza wavu, huingia ziwani usiku wa giza, na pengine hurudi alfajiri na mtumbwi mtupu. Hakuna Mswahili anayemwita “mvuvi wa kulipwa”. Tunasema anatafuta riziki, na neno hilo linabeba pamoja kazi, ustadi na kutokuwa na hakika. Tunapendekeza, kwa mchezo wa gofu angalau, “mchezaji wa riziki”. Tunakiri kwamba baadhi ya wasomaji wataliona neno hilo kuwa la unyonge mno kwa bingwa mwenye mamilioni. Hao wakumbuke kwamba riziki haina kiwango. Kinachoitofautisha na mshahara ni njia inayopitia.

Kama pendekezo letu halitakubaliwa, tunawaomba waandishi wa habari za michezo na wanafunzi wetu wanaozichambua jambo dogo zaidi. Kila waandikapo “mchezaji wa kulipwa”, waongeze sentensi moja inayojibu swali ambalo sarufi yenyewe imeliuliza: na nani? Wakikuta kwamba hakuna mlipaji, watajua kwamba mtu aliyefungana na González kwa mashimo 72 mwaka 1998 hakustahili kuandikwa kwa kitenzi cha kushindwa peke yake.