Saa ya Kuandika

Vitabu vingi haviandikwi na watu wenye nafasi kubwa. Anthony Trollope alikuwa ofisa wa posta Uingereza, Naguib Mahfouz mtumishi wa serikali mjini Cairo, Mathias Mnyampala hakimu, Shaaban Robert karani. Kila mmoja alikuwa na mwajiri na meza ya ofisi iliyomngoja asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyesubiri kustaafu ndipo ashike kalamu. Mwandishi wa namna hiyo hutenga sehemu ndogo ya siku, akairudia kesho yake na keshokutwa, na kuilinda isiliwe na shughuli nyingine. Huo ni ufundi kamili, ingawa husifiwa mara chache. Sifa nyingi hupewa ilhamu, ambayo huja ipendapo.

Utaratibu wa Trollope ndio unaojulikana kwa undani zaidi, kwa kuwa aliueleza mwenyewe katika tawasifu yake iliyotoka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akainuka saa mbili na nusu. Mtumishi wake mzee alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe, na Trollope hakuona haya kukiri kwamba huenda mafanikio yake aliwiwa na mzee huyo kuliko mtu mwingine yeyote. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma aliyoyaandika jana yake na kusikiliza mlio wa sentensi. Kisha aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Safari za kikazi hazikumkatiza: alijitengenezea kibao cha kuandikia ndani ya treni, akaandika kwa penseli, na mkewe akanakili baadaye. Kila riwaya ilikuwa na daftari lake lililogawanywa kwa majuma, na humo aliingiza idadi ya kurasa za kila siku, ili siku za uvivu nazo zionekane. Wastani wake ulikuwa kurasa 40 kwa juma. Aliacha riwaya 47.

Wako waliosoma maelezo hayo wakamshusha hadhi, wakiona kwamba sanaa haifai kupimwa kwa saa ya mfukoni. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Saa haikumtungia Trollope mhusika hata mmoja. Ilimwondolea mabishano tu. Mtu asiye na saa maalumu hulazimika kuamua upya kila siku kama ataandika au la, na uamuzi huo hushindwa kwa urahisi na uchovu, mgeni aliyepita kusalimia, au habari za jioni. Mwenye saa yake amekwisha kuamua. Nguvu iliyokuwa ipotee katika kujishawishi humbakia kwa ajili ya sentensi. Kusoma ya jana nako kuna kazi kubwa: kunamrudisha mwandishi ndani ya sauti ya kitabu, ili ukurasa wa leo usisikike kama umeandikwa na mtu mwingine.

Kipimo chenyewe si lazima kiwe kikubwa kama cha Trollope. Maneno 250 kwa siku ni ukurasa mmoja, nao huweza kumalizika kabla nyumba haijaamka. Anayeutimiza siku 300 za mwaka huwa na maneno 75,000, yanayotosha riwaya, na bado amebakiwa na siku 65 za misiba, harusi na homa. Kipimo kikubwa mno huvunjika juma la pili na kumwachia mtu aibu. Kidogo kinachodumu hufika mbali zaidi. Kuhariri kunahitaji zamu yake, kwa sababu anayefuta kila sentensi mara tu inapozaliwa huweza kumaliza mwezi mzima katika aya ya kwanza.

Kwa upande wa Kiswahili, Shaaban Robert ni shahidi mkubwa. Aliingia Idara ya Forodha ya Tanganyika mwaka 1926 na kukaa humo hadi 1944, kisha akahudumu katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Alifariki 1962, akiwa na umri wa miaka 53 tu, na bado aliacha vitabu zaidi ya ishirini vya mashairi, insha, tenzi na hadithi. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge zinaanzia 1931 na kufikia 1958, na zimechapishwa kuwa kitabu. Karani aliyeshinda akiandika nyaraka za watu wengine bado alikuwa na mkono wa kuandika barua nzuri, na barua zilizoandikwa kwa uangalifu ni mazoezi halisi ya nathari. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapwa 1968, mwandishi akiwa kaburini. Kazi yake haikuwa imengoja mchapishaji apatikane.

Mazoea hayazuii vipindi vya ukimya. Mahfouz alipomaliza trilojia yake ya Cairo mwaka 1952 alikaa miaka kadhaa bila kuandika riwaya, na riwaya iliyofuata ikaanza kutoka gazetini mwaka 1959. Jaribio zito zaidi lilimpata uzeeni. Oktoba 1994, akiwa na miaka 82 na tayari mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya 1988, alichomwa kisu shingoni nje ya nyumba yake, na mishipa ya fahamu inayoongoza mkono wa kulia ikaharibika. Mtu aliyeandika zaidi ya riwaya thelathini akarudi kujifunza kuumba herufi. Hakuweza tena kuandika kwa muda mrefu, basi akapunguza kipimo badala ya kuiacha kalamu: alitunga visa vifupi vya ndoto, vingine vya mistari michache tu, vikachapishwa kimoja kimoja katika jarida la Misri kabla ya kukusanywa kuwa kitabu. Mkono ulipomchosha kabisa, aliendelea kwa kumsomea mwandishi wa imla, hadi karibu na kifo chake Agosti 2006.