Nyundo ya Thor: Nani Kasema Lazima Ustahili?

Wengi wetu tulimjua Thor kwa muvi. Chris Hemsworth, nywele za dhahabu, kifua wazi, utani mwingi. Nilipoanza kusoma katuni zenyewe nilitegemea kukuta mambo yaleyale, kumbe wapi. Katuni za Thor zina ugomvi ambao muvi zimeugusa juu juu tu, na ugomvi wenyewe unahusu nyundo.

Tuanzie huko kwao. Katika hadithi za kale za Skandinavia zilizoandikwa Iceland karne ya 13, nyingine kwa mkono wa Snorri Sturluson, Thor ni jibaba lenye ndevu nyekundu na hasira za karibu, na gari lake linakokotwa na mbuzi wawili. Anaweza kuwachinja jioni, akawala, na asubuhi akawafufua kwa nyundo yake, Mjolnir. Lakini nyundo hiyo ni kifaa. Mpini wake ni mfupi kwa sababu Loki alimvuruga mhunzi akiwa kazini. Tena inaibika! Kuna shairi ambamo jitu Thrym anaiiba, anaifukia chini kabisa ya ardhi, kisha anadai aozwe mungu mke Freyja ndipo airudishe. Thor anavalishwa kama bibi harusi, shela na yote, anapelekwa ukweni, anamaliza ng'ombe mzima na samaki wanane, na nyundo inapoletwa kubariki ndoa anaikamata na kuwamaliza wenyeji wake. Hakuna anayeuliza kama Thrym alistahili kuishika.

Sasa njoo Agosti 1962, gazeti la katuni Journey into Mystery, namba 83. Stan Lee, mdogo wake Larry Lieber, na mchoraji Jack Kirby wanatuletea Donald Blake, daktari Mmarekani mwenye mguu mbovu, yuko likizo Norway. Viumbe wa mawe kutoka Saturn wanamkurupua, anajificha pangoni, anakuta mkongojo wa zamani. Akiugonga kwenye jiwe, mkongojo unakuwa nyundo na yeye anakuwa Thor. Na kwenye nyundo pameandikwa sharti: mwenye kuishika, ikiwa anastahili, atapata nguvu za Thor.

Hilo "ikiwa anastahili" halimo kwenye hadithi za kale. Limezaliwa New York, kwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Kirby alipigana Ulaya kama askari wa miguu dhidi ya Wanazi, watu waliojipamba kwa miungu hiyohiyo ya Kaskazini na kuamini kwamba damu peke yake inatosha kukufanya mkubwa. Sijui kama watunzi walikusudia, ila mimi siwezi kuisoma bila kuliona hilo: mungu mwenye nywele za dhahabu anaambiwa damu haitoshi. Mwaka 1968 hadithi ikakaza zaidi. Kumbe Blake hakuwahi kuwa mtu kamili, Odin alimtengeneza ili mwanawe ajifunze unyenyekevu ndani ya mwili wenye kuchechemea.

Kirby mwenyewe alikuwa na Thor kichwani tangu zamani. Alishamchora mwaka 1942, na nyundo akairudia 1957, mara zote mbili kwa kampuni pinzani, DC. Huko Marvel akaijaza Asgard minara, mitambo na anga zisizo na mwisho, hadi gazeti likabadilishwa jina na kuitwa Thor mwaka 1966. Mwaka 1970 akaondoka, akiwa amechoka kuona sifa na haki za kazi zikienda kwingine. Alifariki 1994. Familia yake na Marvel walimaliza kesi ya haki zake nje ya mahakama Septemba 2014, miaka ishirini baadaye. Kwa katuni inayohubiri kustahili, hapo pana uchungu.

Miaka ya sabini tuipite haraka. John Buscema alichora vizuri, lakini hadithi zilikuwa zinazunguka palepale.

Kisha 1983, namba 337, Walter Simonson anaandika na kuchora mwenyewe. Kwenye jalada kiumbe mwenye uso kama wa farasi anavunjavunja maandishi ya jina la gazeti. Huyo ni Beta Ray Bill, mgeni kutoka anga za mbali, na anainyanyua nyundo bila shida. Ulimwengu mzima ulikuwa umeaminishwa kwamba nyundo ina mwenyewe! Baadaye Simonson akamgeuza Thor chura, na akiwa chura bado anastahili. Inachekesha, lakini ndiyo hoja ileile ya mguu mbovu. Herufi za John Workman nazo ni burudani: ngurumo unaiona ikivuka ukurasa.

Jason Aaron, aliyeanza 2012, ndiye aliyeligeuza swali kichwa chini. Gorr, mhusika wake anayechinja miungu, anauliza kama kuna mungu yeyote anayestahili kuabudiwa. Thor anakosa jibu, na mwisho wake anashindwa kuinyanyua nyundo yake mwenyewe. Oktoba 2014 anaichukua Jane Foster, mwenye saratani ya matiti. Kila akigeuka Thor, nyundo inafukuza dawa za saratani mwilini mwake kama sumu, kwa hiyo akirudi kuwa Jane ugonjwa umepata nafasi zaidi. Russell Dauterman anamchora mwenye helmeti aking'aa, halafu ukurasa wa pili unakuta mwanamke amekonda, hana nywele, amekaa na dripu. Anajua bei, na anaishika tena. Kwa mara ya kwanza sharti la 1962 lina gharama inayoonekana.

Ndiyo maana mwisho wake, mwaka 2018, uliniudhi kidogo. Jane anakufa kifo kizito, toleo linalofuata Odin na Thor wanamrudisha. Nilinuna. Lakini wanamrudisha bila nyundo na bila kumponya, na Jane anarudi kwenye matibabu yake. Hapo nikanyamaza.

Ukitaka kuanza, anza na namba 337, halafu ruka mpaka kwa Jane. Chura usimkose.