Kilo 57, Nafasi ya Tatu

Fungua jedwali la medali za Olimpiki ya Mexico, 1968. Utampata Philip Waruinge wa Kenya kwenye safu ya shaba: uzani wa unyoya, kilo 57, nafasi ya tatu. Kwisha. Lakini kwenye michezo hiyo hiyo alipewa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wenzake wa uzani wote. Yaani kwa uzani wake alikuwa wa tatu, na kwa mashindano mazima alikuwa wa kwanza. Sasa tuamini gani?

Mimi nasema tulisome jedwali vile tunasoma hadithi. Nalo limeandikwa na watu, na kuna mambo linaficha.

Tuanze na mizani. London ya miaka ya 1700 haikuwa na madaraja ya uzani. Bingwa alikuwa mmoja, na mwembamba alipigana na jitu. Daniel Mendoza, mtu wa kama kilo 73, alifika kileleni kwa miguu myepesi na akili. Mwaka wa 1795 akakutana na John Jackson, mkubwa kumliko, ambaye alimshika nywele kwa mkono mmoja akamchapa kwa mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla National Sporting Club ya London kupanga madaraja manane, 1909, kuanzia pauni 112 hadi wazito wasio na kikomo. Hapo siwapingi. Mizani humlinda mdogo.

Shida ni kwamba nambari mbili tofauti zimevalishwa sare moja. Kilo 57 ni kipimo: yeyote akisoma mizani atapata jibu lile lile. Nafasi ya tatu ni maoni ya majaji watano waliokaa kando ya ulingo. Halafu likaja jarida la The Ring, lililoanzishwa New York 1922, likazoesha dunia orodha za kila mwaka za nani wa kwanza, nani wa pili. Pole pole watu wakaanza kusoma maoni kama wanasoma mizani.

Watu wa Othaya na Karatina wanaijua hii stori bila kuvaa glavu. AA ya kahawa ni saizi ya punje, basi. Ladha hupimwa kando, na waonjaji. Lakini nenda mkahawa wowote wa mjini uone vile AA imeandikwa kwa herufi kubwa, kana kwamba ndio utamu wenyewe.

Na mistari yenyewe husogezwa. Munich 1972, Waruinge alipata fedha baada ya Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti kumshinda 3-2. Jaji mmoja tu angeona tofauti, tungekuwa tunaongea dhahabu. Akaenda Japani kupigana ndondi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama. Aprili 1976 alipigania mkanda wa WBC wa supa-bantamu, pauni 122, daraja jipya kabisa: Rigoberto Riasco wa Panama aliyemshinda ndiye bingwa wake wa kwanza. Novemba mwaka huo huo akashuka hadi pauni 118 kumkabili Carlos Zárate wa Mexico. Akapoteza tena. Piga hesabu: kilo 57, kisha 55.3, kisha 53.5. Mwili wa mtu ulikuwa unafuata mistari iliyochorwa na watu wengine, na jedwali limeandika tu "ameshindwa".

Kuna watakaosema bila jedwali hakuna mchezo, kila mtaa utakuwa na bingwa wake. Ni kweli. Na hata Val Barker ni maoni. Tofauti ni kwamba kombe hilo halijifichi: linakuambia wazi kuwa kuna watu walitazama ufundi wakachagua. Wakati mwingine ndipo mchezo hukiri kwamba jedwali limekosea. Seoul 1988, Roy Jones wa Marekani alinyimwa dhahabu kwa kura 3-2, kombe likaenda kwake.

Sisi tuliokulia hizi town za mlimani tumepangwa hivyo tangu utotoni: C+ huku, C kule, na ukuta katikati. Mimi niliacha chuo njiani, na bado mtu akitaka kujua mimi ni nani, anauliza gredi kwanza. Sisemi mitihani ifutwe. Nasema anayetoa nambari aandike sababu kando yake, vile mhakiki wa kitabu hulazimika kufanya.

Kwa hivyo ukiona orodha ya mabondia kumi bora wa Kenya ikizunguka kwa simu, na Waruinge amewekwa nambari saba, usibishane kuhusu saba. Muulize aliyeiandika ametazama raundi ngapi.