Cyril Alitumiwa Tu

Françoise Sagan alifeli mtihani Sorbonne, akaandika Bonjour Tristesse. Ilitoka 1954, yeye ana miaka 18. Cécile, msimulizi wake wa miaka 17, naye amefeli, na yuko likizo kando ya bahari kusini mwa Ufaransa na babake. Watu huiita riwaya ya penzi la kwanza. Penzi gani, jameni? Cyril ana mashua, ana adabu, anataka ndoa kabisa. Cécile anamtuma ajifanye anatoka na Elsa, mpenzi wa zamani wa babake, ili mzee aone wivu amwache Anne, mchumba anayemlazimisha Cécile kusoma. Mpango unashika. Anne anaondoka na gari akilia, harudi tena. Na Cyril? Cécile anagundua hakumpenda, alipenda raha aliyompa. Sagan hamtetei hata kidogo. Hapo ndipo namwamini.